Wakala anataka nijipunguzie miaka miwili ili nikacheze kikapu Marekani

Shangazi,

Salamu nyingi kutoka Nsambya. Mimi ni kijana wa miaka 20, mzaliwa wa Goma. Tulitoka kwetu Novemba 2012, M23 walipouteka mji. Nilikuwa na miaka saba. Tuliingia Uganda upande wa Kisoro, tukakaa siku kadhaa kituo cha muda cha Nyakabande, kisha tukapakiwa kwenye basi hadi kambi ya Rwamwanja. Shule ya msingi nimeisoma huko. Baadaye mama alituleta Kampala, na mpaka leo anatembeza vitenge mtaa kwa mtaa, ametundika vingine begani na vingine kichwani.

Kikapu nilikianza wakati wa korona. Shule zilipofungwa Machi 2020 sikuwa na la kufanya, na nyuma ya nyumba tuliyopanga kulikuwa na uwanja mdogo wa saruji wenye ringi iliyochomelewa na fundi wa madirisha. Tulicheza hapo asubuhi mpaka giza. Shule zilipofunguliwa Januari 2022 nilikuwa nimerefuka hata walimu hawakunitambua. Sasa nina futi sita na inchi nane. Nilimaliza S.6, mwaka wa mwisho wa sekondari, mwaka 2024, na Agosti 2025 chuo kikuu kimoja cha binafsi kikanichukua kwa ajili ya timu. Wananilipia ada ya masomo. Ada nyingine zote ndogondogo, hosteli na chakula ni juu yangu.

Shangazi, hizo ndogondogo ndizo zinazonimaliza. Desemba nilizuiwa mlangoni mwa chumba cha mtihani kwa sababu ya deni la shilingi laki tatu na nusu. Siku hiyo hiyo jioni nilitakiwa uwanjani. Kocha alinipigia simu mara nne kuuliza niko wapi, lakini hakuuliza hata mara moja kama mtihani nimeufanya. Mama alikopa kwa jirani, nikaruhusiwa kuingia zikiwa zimebaki dakika arobaini.

Kabla ya hapo, Septemba, baada ya mechi Lugogo, bwana mmoja alikuja kunishika mkono. Alisema yeye ni wakala, ameshapeleka vijana watano Marekani, na mwili kama wangu haupaswi kuozea hapa. Tangu hapo ananitumia ujumbe wa sauti WhatsApp karibu kila siku. Anasema ana shule ya maandalizi huko itakayonichukua mwaka mmoja, kisha vyuo vikubwa vitanigombania. Masharti yake ni haya. Kwanza, niache chuo sasa na nisimwambie mtu kwamba niliwahi kusoma chuo kikuu. Pili, niandikwe kuwa nimezaliwa 2007, si 2005. Tatu, nichukue pasipoti ya Kongo kupitia mtu wake, kwa kuwa karatasi za ukimbizi anasema zinachelewesha. Nne, dola 2,400. Mama ameshatoa dola 300 "za kufungua faili", na mwezi ujao ni zamu yake kupokea likelemba, ule mchango wa zamu wa akina mama. Anataka kuitoa yote.

Kuhusu miaka, nilipokataa aliniambia neno ambalo limenikaa kichwani: "Korona ilikuibia miaka miwili. Wewe huibi, unarudisha chako tu." Ni kweli niliibiwa, Shangazi. Wenzangu waliokuwa nchi nyingine walisoma, mimi nilikaa. Na anasema kijana wa miaka 20 ambaye hajafika Marekani ameshazeeka kwa mpira.

Kocha naye anasema nikiondoka nimewasaliti, na kwamba nikitulia "tutakutafutia uraia uchezee Silverbacks", timu ya taifa ya Uganda. Mama ananiambia niende, kwa sababu Kuminga naye ni mtoto wa Goma na amefika NBA, ligi kuu ya kikapu Marekani. Usiku silali. Nifanye nini?

Mrefu wa Nsambya

*

Mwanangu Mrefu,

Usimtumie huyo bwana hata shilingi moja zaidi. Mwambie mama leo hii, kabla siku ya likelemba haijafika, maana pesa ikishakaa mkononi na simu inalia, kukataa kunakuwa kugumu. Hayo mengine tutayazungumza taratibu.

Nimesoma barua yako mara tatu. Mara zote nilisimama pale mlangoni mwa chumba cha mtihani. Nimefanya kazi na wanafunzi wachezaji hapa Kampala kwa miaka mingi, najua jinsi chuo kinavyoweza kumpenda mtoto kuanzia saa kumi na moja jioni na kutomjua kabisa saa tatu asubuhi. Hasira yako ni ya haki. Lakini huyo wakala anakula kupitia hasira hiyo, kwa hiyo nataka tuitenganishe na hesabu zake.

Tuanze na umri, kwa sababu ndiko alikokugusa pabaya. Miaka miwili ya korona uliibiwa kweli. Uganda ilifunga shule kwa muda mrefu kuliko karibu nchi nyingine yoyote duniani, na hakuna aliyewalipa ninyi watoto. Ila angalia anachokuomba. Hakuombi ueleze kwamba shule zilifungwa. Jambo hilo linajulikana, unaweza kulieleza kwa barua ya mkuu wa shule yako, na kocha yeyote wa Marekani ataelewa. Anakuomba useme hukuzaliwa siku uliyozaliwa. Sasa fikiria tarehe yako ya kuzaliwa imeandikwa wapi. Ipo kwenye kadi ya ukimbizi ya familia yenu, mlikoandikishwa ukiwa na miaka saba, na kwenye kumbukumbu za Ofisi ya Waziri Mkuu na UNHCR. Ipo kwenye faili la shule yako na kwenye usajili wako wa ligi. Jina lako lipo kwenye takwimu za mechi zilizowekwa mtandaoni na kwenye video watu walizorekodi. Ofisa wa viza hahitaji kuwa mjuzi wa kikapu ili aone karatasi mbili zenye miaka miwili tofauti. Na sheria ya uhamiaji ya Marekani ni kali hapo: ukikutwa umedanganya ili upate viza, unaweza kufungiwa mlango maisha yako yote, na msamaha wake ni wa kuombea kwa shida sana. Wakala atafuta namba yake ya simu atafute mrefu mwingine. Faili litabaki na jina lako.

Halafu hilo la kusema umeshazeeka. Dikembe Mutombo alitoka Kinshasa akafika chuo kikuu cha Georgetown, Marekani, mwaka 1987 akiwa na miaka 21, kwa ufadhili wa masomo, akitaka kuwa daktari. Mwaka wa kwanza hakuchezea timu ya chuo. Aliingia NBA mwaka 1991 akiwa na miaka 25 na akacheza misimu 18. Alitoka pale chuoni na shahada, na mwaka 2007 hospitali aliyoijenga Kinshasa kwa jina la mama yake ilifunguliwa. Alifariki Septemba 2024. Najua utaniambia alikuwa na futi saba na inchi mbili. Sawa. Lakini alikwenda na umri wake mwenyewe.

Sasa twende kwenye lile la kuacha chuo na kuficha kwamba ulisoma. Hapa ndipo nilipotambua kwamba huyo bwana ama hajui kazi yake, ama anaijua sana. Vyuo vya daraja la kwanza vya NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo Marekani, vimekuwa na sheria ya miaka mingi: mchezaji ana miaka mitano ya kucheza misimu minne, na saa ya kuhesabu miaka hiyo huanza kutembea siku unapojiandikisha masomo ya muda wote katika chuo chochote, hata kikiwa Kampala. Yako ilianza Agosti 2025. Ukiacha chuo leo haisimami, inaendelea kutembea ukiwa umelala nyumbani. Kwa hiyo shule ya maandalizi ya sekondari, kwa mtu aliyekwisha maliza S.6 na kuanza chuo kikuu, haikuongezei kitu. Inakula mwaka. Njia pekee ya kuifanya ionekane na faida ni kukuficha chuo ulichosoma, na ndiyo maana amekwambia ukifiche. Masharti yake mawili ya kwanza ni uongo mmoja unaoshikilia mwingine. Ukiutoa wa umri, wa shule unaanguka wenyewe.

La pasipoti limenitisha kuliko yote, na nadhani wewe hukuliona zito. Wewe ni mkimbizi anayetambuliwa hapa chini ya Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya 2006. Mkimbizi akienda kwa hiari yake kuchukua pasipoti ya nchi aliyoikimbia, anaweza kuhesabiwa kuwa amerudi chini ya ulinzi wa nchi ile, na ukimbizi wake ukakoma. Hilo limo katika Mkataba wa Wakimbizi wa 1951, si maneno ya mtaani. Ukinyimwa viza ukiwa umeshachukua pasipoti hiyo, utabaki Kampala bila Marekani na pengine bila ukimbizi, huku Goma tangu Januari 2025 iko tena mikononi mwa M23. Utarudi wapi? Ipo hati ya kusafiria ya wakimbizi, ambayo Uganda huitoa kwa watu kama wewe. Ndiyo, inachelewa. Unaomba kupitia dawati la wakimbizi la Ofisi ya Waziri Mkuu, unaambatisha barua ya chuo na barua ya mwaliko ukiwa nayo, unarudi, unarudi tena. Kabla ya kugusa karatasi yoyote, nenda Refugee Law Project, ile iliyo chini ya kitivo cha sheria cha Makerere, umweleze mwanasheria kila kitu, pamoja na zile dola 300. Usione aibu. Walioleta kesi ngumu kuliko yako ni wengi.

Nataka sasa nikuonyeshe jinsi mwaliko wa kweli unavyokuwa, ili siku ukija uutambue. Chuo au shule ya Marekani iliyoidhinishwa kupokea wageni hutoa fomu ya I-20 yenye jina lako, jina la kozi, na hesabu ya nani analipa nini kwa mwaka. Orodha ya shule zilizoidhinishwa iko kwenye tovuti ya serikali yao, unaweza kuitafuta kwa simu yako hapo Nsambya. Ukishakuwa na I-20 unalipa mwenyewe ada ya SEVIS, mfumo wao wa kusajili wanafunzi wa kigeni, dola 350, moja kwa moja kwa serikali ya Marekani, na ada ya viza ya mwanafunzi ambayo imekuwa dola 185. Unapata risiti yenye jina lako. Hakuna "kufungua faili". Muulize bwana huyo jina kamili la shule na jina la kocha wake, kisha umwandikie kocha huyo wewe mwenyewe kwa anwani iliyo kwenye tovuti ya shule, si ile atakayokupa yeye. Nimewahi kumwambia msichana mmoja afanye hivyo. Jibu lilikuja siku ya pili: kocha hakuwahi kusikia jina lake wala jina la wakala. Msichana huyo alikuwa ameshauza simu yake na cherehani ya dada yake.

Na usitie sahihi karatasi yoyote inayompa mtu sehemu ya pesa utakazopata baadaye. Vilevile, kila nauli au posho unayopewa na klabu hapa, iandike kwenye daftari. NCAA itakuuliza ulipokea nini na kwa kazi gani.

Mama anasema Kuminga ni mtoto wa Goma. Ni kweli, na mwaka 2021 timu za NBA zilipochagua wachezaji wapya alikuwa wa saba, hakuna anayeweza kutunyang'anya furaha hiyo. Lakini alikwenda Marekani mwaka 2016 akiwa mtoto, sekondari akaisoma kule. Njia yake si ya kwako. Mwambie mama pia kuhusu Oscar Tshiebwe wa Lubumbashi. Mwaka 2022, akiwa chuo kikuu cha Kentucky, alitajwa kuwa mchezaji bora wa vyuo vyote vya Marekani. Wenzake wachezaji walikuwa wameruhusiwa tangu Julai 2021 kulipwa kwa kutumia majina na sura zao kwenye matangazo, ila yeye alikuwa na viza ya mwanafunzi, ambayo hairuhusu kazi ya namna hiyo ndani ya Marekani. Ilibidi asubiri ziara ya timu huko Bahamas ndipo afanye mikataba yake nje ya nchi ile. Na mwaka 2023, jina lake halikusomwa usiku wa kuchaguliwa. Nafasi mwaka ule zilikuwa 58 kwa dunia nzima. Ilibidi apiganie kuingia NBA bila kuchaguliwa. Huyo ndiye aliyekuwa bora kuliko wote mwaka uliotangulia, mwanangu.

Lakini sitaki uondoke kwenye barua hii ukidhani nakwambia usiote. Khaman Maluach alizaliwa Rumbek, familia ikakimbia vita vya Sudan Kusini, akakulia hapa hapa Kampala, upande wa Kawempe. Mpira aliuanza akiwa ameshakuwa kijana, kama wewe, na amesimulia kwamba siku za kwanza alikwenda mazoezini kwa kroksi kwa kuwa viatu vya ukubwa wake havikupatikana. Akapita kambi ya Luol Deng, mchezaji wa zamani wa NBA, akapita chuo cha NBA kule Saly, Senegal, akacheza ligi ya Afrika, BAL, na mwaka 2024 alivaa jezi ya City Oilers, klabu ya kwetu. Mwaka huo huo alicheza Olimpiki ya Paris akiwa na miaka 17, akaingia chuo kikuu cha Duke, Marekani. Juni 2025 akachaguliwa wa kumi kuingia NBA. Nilipomwona analia usiku ule, nami nililia sebuleni kwangu, sijali nani anajua.

Hata yeye, tazama. Tarehe 5 Aprili 2025, siku Duke wanacheza nusu fainali San Antonio, serikali ya Marekani ilitangaza kufuta viza za wote wenye pasipoti za Sudan Kusini. Kijana yuko uwanjani mbele ya dunia nzima na hajui kesho yake ni ipi. Sheria za viza zinaweza kugeuka asubuhi moja, kwa kosa ambalo si lako. Ndiyo maana nakazia hizi karatasi mpaka unichoke. Upepo wa namna hiyo ukivuma, mwenye hati safi ana pa kusimama na kujitetea. Mwenye umri wa kubandika hana.

Basi nini cha kufanya? Baki chuoni. Shahada za hapa nyingi ni miaka mitatu, ukishikilia utamaliza 2028. Saa yako ya miaka mitano itakuwa bado na miaka miwili, na Marekani kuna wachezaji wengi wanaocheza huku wakisoma shahada ya pili. Unaweza kubakiwa na msimu mmoja au miwili, kutegemea jinsi watakavyohesabu misimu uliyochezea chuo hapa. Ama uhame mapema, baada ya mwaka huu au ujao, ukiwa na matokeo mazuri mkononi. Na usitazame daraja la kwanza peke yake. Daraja la pili la NCAA linahesabu mihula uliyosoma kwa muda wote, kumi, si miaka inayopita ukiwa nje ya darasa. Viko vyuo vya NAIA, chama kingine cha michezo ya vyuo, viko vyuo vya miaka miwili. Makocha wa huko hawana pesa ya kuja Lugogo, kwa hiyo wanasoma barua pepe. Watumie mechi mbili nzima, dakika zote, na zile ulizokosea zimo. Video ya kudanki ikiwa na muziki haiwaambii unajilinda vipi, unarudi nyuma mbio au unatembea. Andika urefu uliopimwa bila viatu. Andika mwaka 2005. Andika kwamba wewe ni mkimbizi, na kwamba shule zilifungwa karibu miaka miwili. Kocha makini akisoma hapo ataona mtu aliyejifunza mpira kwenye saruji akiwa na miaka 15 na ambaye bado hajafika mwisho wa uwezo wake. Hiyo ni sifa. Wakala wako alitaka kuifuta.

Barua nyingi hazitajibiwa. Peleka hamsini. Peleka nyingine.

Kuhusu kocha wako wa hapa, usimchukie, lakini msikilize kwa sikio moja. Hujasaliti mtu. Lile la Silverbacks liache kabisa kwa sasa: uraia wa Uganda kwa mkimbizi si kitu cha kuahidiwa kwenye benchi, FIBA, shirikisho la kikapu la dunia, inaruhusu timu kuwa na mchezaji mmoja tu aliyepata uraia baada ya kutimiza miaka 16, na nafasi hiyo timu za taifa hupenda kumpa mtu mwenye jina. Tena ukishachezea nchi moja mashindano rasmi, kuhamia nyingine ni vita. Unachoweza kumdai kocha ni kile kilicho mkononi mwake. Nenda kwake asubuhi, si wakati wa mazoezi, mkiwa na kapteni wa timu kama shahidi, umwambie hivi: "Kocha, muhula huu sitaki tena kuzuiwa mlangoni. Naomba barua ya chuo inayosema ufadhili wangu unalipa nini na haulipi nini." Ukiipata hiyo barua, zile ada ndogondogo utazijua mwanzoni mwa muhula, badala ya siku ya mtihani. Wakikataa kuandika, nijulishe, kuna vyuo vingine vyenye timu za ligi vinavyotafuta mtu wa urefu wako, na hapo utakuwa na la kuzungumza nao. Uliza pia kuhusu ufadhili wa DAFI, ule wa UNHCR kwa wakimbizi walio vyuo vikuu. Nafasi ni chache na wanaangalia sana alama, kwa hiyo ule mtihani uliouandika kwa dakika arobaini, kama matokeo ni mabaya, omba kuurudia.

Mama yako nataka niseme naye kidogo, naomba umsomee. Dada yangu, pole na kazi. Najua uzito wa bando la vitenge saa nane mchana kwenye mlima wa Kabalagala. Hukukosea kumwamini mtu aliyekuja na maneno matamu juu ya mwanao, kila mzazi angesikiliza. Hizo dola 300 zihesabu zimekwenda, ila toa taarifa polisi ukiwa na zile sauti za WhatsApp, usizifute. Likelemba ikifika, lipa lile deni la jirani, weka ada ndogondogo za muhula ujao pembeni, na zinazobaki ongeza mzigo wa vitenge. Mtoto wako atakula kwa vitenge hivyo akisubiri majibu ya barua hamsini.

Mrefu, jambo la mwisho. Hukulisema kwenye barua, lakini ile picha uliyoambatisha nimeikuza. Kiatu chako cha kushoto kimeshonwa kwa uzi wa nailoni, na ncha imekatwa ili kidole kitoke. Goti haliwezi kudumu hivyo kwa miaka minne. Nina pea moja ya namba 15 iliyoachwa kwangu na kijana aliyehitimu mwaka jana. Zimetumika, lakini soli ni nzima. Jumamosi asubuhi huwa niko uwanja wa YMCA Wandegeya na vijana wangu, na mvua ikinyesha utatukuta tunasukuma maji kwa mifagio. Njoo na matokeo yako ya muhula wa kwanza, hata kama ni mabaya, na uje na njaa, kwa kuwa mazoezi yakiisha tunakula roleksi, chapati iliyoviringwa na mayai, pale nje ya lango.

Shangazi